Sura ya Sita: Nyuzi Kumi kwa Dakika Moja

Mtunza stoo alikuwa na hasira ya siku tatu na hakuonyesha dalili ya kuimaliza leo.

"Afande, wenzako nimeshawaambia," alisema. "Sikulala. King'ora kimelia saa tisa kasorobo, nikakimbia. Nikuongezee nini? Nikusimulie na ndoto?"

"Nisimulie hilo hilo," alisema inspekta. "Mimi mambo huniingia taratibu."

Uongo mtupu. Kituoni mama huyu walimbandika jina la Chujio, na halikuwa jina la kumsifia tu. Wenzake walichoka kurudishiwa majalada yaliyojaa alama za kuuliza.

Walikuwa wamesimama nje ya chumba cha baridi, katika ua wa karakana inayotengeneza kadi za kielektroniki za kuongoza mitambo ya ubaridi. Jumanne, ndani ya chumba hicho, kreti arobaini za chanjo za watoto ambazo hospitali ilihifadhi hapo zilikuwa zimeganda. Chanjo ya aina ile hutaka baridi ya kiasi. Ikishaganda imekufa, na hata ukiiyeyusha unabaki na maji. Kitengo cha mitandao kutoka makao makuu kilifika, kikachukua kumbukumbu ya kadi inayoongoza chumba, na kabla jua halijazama kikamkamata mwandishi wa programu yake. Mwanamke huyo karakana nzima ilimwita Nukta, kwa sababu hakuna kosa dogo lililompita. Leo saa kumi jalada lake lilikuwa linakwenda kwa mwendesha mashtaka. Chujio alikuwa amepewa asubuhi ile alipitie tu, apange karatasi.

Tuseme ukweli: wivu ulimchoma. Kitengo cha mitandao kilikuwa na gari jipya na kiyoyozi kisichokoroma, na wenyewe walipopita koridoni bosi ndiye aliyekuwa wa kwanza kuwasalimia. Chujio alikuwa na miaka kumi na tisa kazini na kiti chenye mguu uliofungwa waya. Alitamani wawe wamekosea, alitamani kwa roho yake yote. Kwa kuwa alijijua hivyo, alikuwa ameisoma ile karatasi ya kumbukumbu mara nne kabla ya kujiruhusu kuitilia shaka.

Aliikunjua tena. Kumbukumbu ya kadi ilikuwa na mistari minne iliyopigiwa wino mwekundu.

Saa 6:03. Joto nyuzi 4.
Saa 6:04. Kadi imesimamishwa kwa mbali. Kitambulisho: Nukta.
Saa 6:04. Kadi imeachiwa.
Saa 6:05. Joto nyuzi hasi 6. King'ora.

Ripoti ya kitengo ilisema hivi: Nukta aliingia kwenye kadi kupitia mtandao saa sita na dakika nne mchana, akaivuruga, king'ora kikalia dakika iliyofuata, na mtunza stoo akakilalia mpaka saa tisa kasorobo.

"Kipimajoto cha kadi kiko wapi?" aliuliza Chujio.

"Katikati ya kreti. Si hewani, ndani kabisa."

"Na kile cha kioo kinachotajwa kwenye jalada?"

"Hicho changu. Siamini vitu vya umeme." Mtunza stoo alifungua mlango. Chujio alisoma cha kioo, kisha akasoma namba kwenye kadi. Vyote viwili vilisema nyuzi nne.

"Sasa niambie. Kutoka nyuzi nne mpaka hasi sita, hapo katikati ya kreti, inachukua muda gani?"

"Kompresa isipopumzika? Saa mbili na nusu na ushee. Miaka tisa niko na chumba hiki, nakijua kuliko ninavyomjua mke wangu."

"Haiwezekani kwa dakika moja?"

Mtunza stoo alicheka kwa mara ya kwanza tangu Jumanne. "Dakika moja! Hata ukikiletea mganga."

Chujio aliandika: *Kipimajoto kizima. Chumba hakiwezi. Basi saa ndiyo inayodanganya.* Akafunga daftari, akavuka ua.

Meneja alikuwa mtu wa tai ngumu na jasho jepesi. Alimkaribisha kiti, akakaa mwenyewe kabla yake.

"Inspekta, hili jambo limekwisha. Ni kijicho. Miezi miwili iliyopita nilimfanya mume wake kuwa mkuu wa maabara. Nukta ana akili, sikatai, lakini mume ana utulivu. Mke hakulala usingizi. Mwanamke kushindwa na mumewe chini ya dari moja, unafikiri ni kitu kidogo?"

"Alikwambia hivyo yeye?"

"Mumewe alinidokeza. Kwa uchungu sana."

"Nani aliwasomea kitengo cha mitandao hii kumbukumbu ya kadi?"

"Mkuu wa maabara. Mimi hivi vitu vya chipu sivijui, nisikufiche. Alikaa nao mstari kwa mstari, masikini, huku anajua anamfunga mkewe."

"Jumanne mchana nyote mlikuwa wapi?"

"Tulikuwa na wageni, wanunuzi. Walifika mapema, kama saa sita na dakika tano hivi. Nikapiga simu maabara, wote washuke haraka. Tukaenda ukumbi wa ng'ambo ya barabara, na maonyesho yakaanza saa saba mpaka saa tisa. Nukta mwenyewe ndiye aliyeongea mbele, karibu muda wote."

"Hakutoka?"

"Atoke vipi? Watu kumi wanamtazama."

"Nani alitoka?"

Meneja aliwaza. "Mkuu wa maabara tu. Nukta alikuwa anawaeleza wageni ule utaratibu wao wa kupiga kelele, 'nimeachia' sijui nini, wageni wakacheka. Mumewe akainuka kuwafuatia maji. Ana adabu sana yule bwana."

"Saa ngapi?"

"Saa nane na nusu imepita."

"Maji yalikuja?"

Meneja alilegeza tai kidogo. "Hapana," alisema. "Koo lilinikauka mpaka mwisho."

Chumba cha mahojiano pale kituoni kilikuwa na meza moja na dirisha lililopakwa rangi. Nukta aliletwa akiwa na nguo zile zile za Jumanne. Aliketi wima, akaweka mikono mezani bila kuambiwa.

"Mdogo wangu," alisema Chujio, "hii karatasi uliwahi kuonyeshwa?"

"Hapana. Waliniuliza tu kama kitambulisho ni changu. Nikasema ndiyo. Wakaandika."

Chujio aliisukuma mbele yake. Nukta aliinama. Haikuchukua hata muda wa kupiga chafya.

"Hii ilisimamishwa muda mrefu," alisema. "Nyuzi kumi zimeshuka na saa haikusogea. Dada, saa ya kadi iko ndani ya ule ubongo wa kadi. Ukiusimamisha ubongo, saa nayo inasimama. Ukiuachia, inaendelea pale pale ilipoishia, haijui kama dunia ilikuwa inakwenda. Kompresa ilikuwa imewashwa wakati huo, ikabaki imewashwa. Na king'ora kinapigwa na ubongo huo huo, kwa hiyo kilikuwa bubu."

"Hesabu yake?"

"King'ora kimesikika saa ngapi, kwa saa ya ukutani?"

"Tisa kasorobo."

"Karatasi inasema sita na tano. Basi imeshikwa saa mbili na dakika arobaini. Iliachiwa saa nane na dakika arobaini na nne." Alinyanyua uso. "Saa hiyo nilikuwa nimesimama mbele ya wageni."

"Najua. Nieleze ule utaratibu wa kelele."

Nukta karibu atabasamu. Kwenye kadi ile, alieleza, walikuwa wamefunga kisanduku kidogo walichokiita Dirisha. Kupitia Dirisha, fundi aliye popote kwenye mtandao anaweza kuingia ndani ya chipu, akaisimamisha, akachungulia kumbukumbu yake, akaiachia iendelee. Hatari yake ni moja: usahau kuachia. Kwa hiyo maabara ilijiwekea sheria, ukiachia unapaza sauti, "Nimeachia!" na wengine wanajibu, "Haya!" Asiyejibu ananunua chai.

"Imeniingia mpaka kwenye damu. Hata nikitoka bafuni nyumbani nasema nimeachia."

"Jumanne saa sita na dakika nne uliisikia sauti hiyo?"

"Hakuna aliyesema. Mimi nilikuwa mezani kwangu napanga picha za maonyesho."

"Kitambulisho chako unakiweka wapi?"

"Kwenye flashi. Iko kwenye kishada cha funguo za nyumba, nisiisahau."

"Nyumba mnaishi wangapi?"

"Mimi, mume wangu na mtoto wetu wa miaka minne."

"Jumanne asubuhi nani alifunga mlango?"

Nukta aliirudia karatasi, na kidole chake kikaenda kwenye mstari wa pili kikabaki hapo.

"Nani aliwasomea hii?" aliuliza taratibu.

"Mumeo."

"Yeye anajua kuhusu saa. Yeye ndiye aliyenifundisha." Aliirudisha karatasi. "Kila siku ananiletea chakula hapa, dada. Anakaa mpaka nimalize."

Chujio hakumpa pole. Hakujua kuzitoa vizuri, na saa ilikuwa inakwenda. "Nani mwingine hutumia Dirisha?"

"Wa Mbali. Ndivyo tunavyomwita, fundi mwenzetu, anafanya kazi akiwa mji mwingine. Sijawahi kumwona ana kwa ana. Kila siku baada ya saa tano tunaingia pamoja."

"Mnaongea nini?"

"Kazi." Nukta alitazama mikono yake. "Na upuuzi. Ananichekesha."

Simu ya Wa Mbali iliitikiwa kabla haijalia mara ya pili.

"Hatimaye!" sauti ya mwanamume ilisema. "Jumanne hiyo hiyo nilipiga kwenu mara tatu. Mara tatu, afande! Nikasema, saa ya kadi haiaminiki. Nikaambiwa kitengo kinachohusika kina wataalamu wake."

Chujio aliifurahia sentensi hiyo, akamwomba airudie, akaiandika yote.

"Nataka kitu kimoja," alisema. "Hilo Dirisha, lenyewe linakumbuka chochote?"

"Lina kumbukumbu yake, ndiyo. Halina saa, ila linaandika tarehe, nani ameingia na sehemu gani ya chipu ameisoma. Subiri." Vidole vilisikika vikigonga. "Haya. Jumanne, mtu wa mwisho ni kitambulisho cha Nukta. Ameingia kutoka mtandao wa karakana. Hajagusa mipangilio ya joto. Hajabadilisha kitu. Amesoma sehemu moja tu..." Alisita. "Ni pale yanapokaa maandishi."

"Maandishi gani?"

"Mimi na Nukta tunaandikiana humo humo, kupitia kadi. Ni rahisi kuliko kufungua kitu kingine. Kadi inahifadhi mistari mia mbili ya mwisho. Mpya ikiingia, ya zamani inafutika. Ukitaka kuyasoma bila sisi kujua, inabidi uisimamishe kadi kwanza, uyanakili, uachie. Sekunde chache tu."

"Na kabla ya Jumanne?"

Vidole viligonga tena, kwa muda mrefu kidogo. "Kuna mengine kumi. Sehemu ile ile, kitambulisho kile kile. Niliona jina lake nikajua ni yeye."

"Mara kumi na moja anasoma maneno aliyoandika mwenyewe?"

"Sasa ukisema hivyo," alisema Wa Mbali, na uchangamfu ukamtoka. "Afande, hakuna kitu kati yetu. Naapa. Ni vichekesho."

"Nitumie hiyo orodha," alisema Chujio. Mtu wa hujuma angegusa joto. Huyu alikuwa amekuja kusoma barua.

Saa tisa alasiri maabara ilikuwa na watu watano, kila mmoja kwenye meza yake. Mkuu wa maabara alikuwa bwana mrefu, mpole, mwenye shati lililopigwa pasi mpaka kwenye kola. Alimletea Chujio kiti mwenyewe.

"Mke wangu anaendeleaje?"

"Amekula?" Chujio alimuuliza badala ya kumjibu. "Maana wewe ndiye umempelekea."

"Kidogo."

"Naomba unisaidie jambo la kitaalamu, kaka. Kadi ya chumba cha baridi. Mle hakuna cha kuharibika tena, sivyo? Linganisha saa yake na ya ukutani, kisha isimamishe."

Alisita nusu pumzi, kisha akaketi kwenye kompyuta, akaandika amri mbili. "Imesimama."

Chujio alivua saa yake ya mkononi, akaiweka mezani. Dakika ya kwanza watu waliendelea na kazi. Dakika ya tatu mmoja aliacha kuandika. Dakika ya tano Mkuu wa maabara alikuwa akifuta kioo cha kompyuta kwa kiganja, na hakikuwa na vumbi.

"Iachie."

Alibonyeza. "Nimeachia!" alisema kwa sauti, kwa mazoea.

"Haya!" waliitikia wanne.

"Nionyeshe kumbukumbu yake."

Ilikuwa pale kwenye kioo, na Chujio aliisoma ili wote wasikie. Imesimamishwa saa tisa na dakika kumi na moja. Imeachiwa saa tisa na dakika kumi na moja. Saa ya mezani ilikuwa ikisema tisa na kumi na sita.

"Hili uliwaeleza kitengo cha mitandao?"

"Hawakuniuliza."

"Ulikaa nao mstari kwa mstari."

"Nilichanganyikiwa, afande. Mke wangu alikuwa..."

"Jumanne uliisimamisha saa sita na dakika nne. Ulikuwa na flashi ya mkeo, kwa sababu wewe ndiye uliyefunga mlango wa nyumba. Ulitaka sekunde chache, kama zile mara kumi za nyuma. Meneja akapiga simu, wote mshuke, wageni wamefika. Ukatoka na wenzako. Ulipokumbuka, ulikuwa umeketi ukumbini na mkeo anawafundisha wageni kupaza sauti. Ukaenda kutafuta maji, ukaiachia, ukarudi mikono mitupu. Niambie niliporuka."

Hakuna aliyekuwa akifanya kazi tena. Mkuu wa maabara aliwatazama wenzake mmoja mmoja, kama anayehesabu nani atabaki upande wake.

"Andika nilikusudia," alisema chinichini. "Andika hujuma. Nitatia sahihi."

"Hujuma ni miaka gerezani. Kusahau ni kazi tu, utafukuzwa."

"Najua. Andika hujuma. Usiandike yale mengine."

"Yapi?"

Alikunja mikono. Sauti ilipomtoka ilikuwa na makali ambayo kola yake haikuyaonyesha. "Umesoma wanayoandikiana? Hakuna kitu! Nimetafuta siku kumi na moja. Hakuna neno moja la mapenzi, hakuna miadi. Anamwambia habari ya paka wa jirani na yeye anacheka. Mistari mizima anacheka. Nyumbani nikimsimulia jambo ananiambia, 'Ehe.' Miaka saba, afande, mimi napata 'ehe.' Ningekuta wanapendana ningepumua. Ningejua napigana na nini."

"Basi ulisahau kadi kwa wivu. Hilo nimelielewa. Lakini siku tatu mkeo yuko ndani. Ungeweza kusema neno moja kuhusu saa akaachiwa, na kitambulisho kingebaki fumbo. Kwa nini hukusema?"

Mkuu wa maabara alinyoosha kola ya shati lake.

"Nilitaka nione," alisema.

"Uone nini?"

"Kama yule atajitokeza kumtetea."

Mlango ulikuwa wazi. Nukta alikuwa amesimama hapo pamoja na askari wa kike. Chujio alikuwa ameagiza aletwe saa tisa na dakika ishirini, na askari alifika kwa wakati, jambo la nadra. Mumewe hakuwa amemwona. Alikuwa amemwinamia Chujio, macho yanamwaka.

"Alijitokeza?" aliuliza.

"Alipiga simu siku hiyo hiyo. Mara tatu."

Mkuu wa maabara alijiegemeza nyuma. Uso ulimnyooka kama wa mtu aliyebishiwa siku nyingi na leo amepewa haki yake. "Unaona?" alisema. "Mara tatu. Mtu baki. Unaona sasa kama nilikuwa najitungia?" Alicheka kidogo, kicheko kibaya. "Mara tatu ndiyo nini? Mimi kwa ajili yake ningepiga kumi."

"Hukupiga hata moja," alisema Nukta.

Mumewe aligeuka. Hapo Chujio alidhani atainuka, au atapiga magoti, au atasema samahani. Alimtazama mkewe kuanzia viatu vilivyotolewa kamba kituoni mpaka nywele ambazo hazijachanwa tangu Jumanne, na swali lililomtoka lilikuwa lile lile alilokuwa nalo siku zote.

"Hizo simu," alisema, "nani amekwambia, ni yeye?"